Maneno Yaliyopigwa Pasi

Umewahi kusemewa? Si kutetewa, wala si kusengenywa. Kusemewa: umekaa kitini na akili zako timamu, mtu mwingine anafungua kinywa, na waliokaa mbele yako wanaandika maneno yake kwamba ni yako. Kama hayajakukuta, huenda usilione upesi kosa la mtu huyu. Yeye mwenyewe hakuliona kwa miaka mingi, na ilikuwa ndiyo kazi yake.

Viziwi walimwita Mdomo. Jina lenyewe halitamkwi. Ni vidole viwili vinavyogusa midomo kisha vinafunguka kwenda mbele, kama mtu anayetoa kitu kinywani na kumkabidhi jirani. Viziwi hawapotezi muda kuitana kwa majina ya kwenye vyeti. Wakikuona mara ya kwanza wanachagua kitu kimoja usoni mwako au katika mwenendo wako, na hicho utazikwa nacho. Mwenye kovu ni Kovu. Mwenye kujikuna kila saa ni Upele, hata akipona. Mke wa Mdomo alipenda kusema kwamba viziwi wamemsitiri mumewe kwa sababu hawamsikii. Wangemsikia wangemtafutia jina baya zaidi.

Alikuwa mkalimani wa lugha ya alama, mtu mzima wa miaka hamsini na ushee, mrefu, mwenye viganja vipana na kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama. Alivaa mashati ya rangi moja tu, ya buluu nzito au nyeusi, kwa sababu shati la maua huvimeza vidole. Hakuvaa pete, hata ya ndoa. Pete ilikaa kwenye kisahani juu ya kabati, na mkewe alishachoka kuwaeleza mashoga zake sababu.

Lugha hiyo hakujifunza chuoni. Aliinyonya. Mama yake alikuwa kiziwi tangu tumboni, na kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu katika chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Baba alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana kama mgeni. Kwa hiyo tangu akiwa na miaka sita Mdomo ndiye aliyesimama kwenye kigoda dirishani, kati ya mama na wateja.

Siku moja bibi mmoja alirudisha gauni akidai limeunguzwa. Mama akalitazama gauni, akatikisa mikono mbele ya uso wa bibi yule: uongo, umelileta limeungua hivyo hivyo, peleka uongo wako kwingine. Mtoto akamwambia bibi, kwa sauti ya adabu aliyoisikia shuleni, kwamba mama anaomba radhi na angependa walitazame pamoja. Bibi akalegea. Akamwuliza mtoto, "Na huyu bubu wako anaweza kuliokoa?" Mtoto akamgeukia mama na kumwambia kwa vidole: anasema wewe ni fundi hodari.

Gauni likaokolewa. Tangu siku hiyo hakuna neno la mama lililotoka chumbani mle bila kupigwa pasi, na hakuna tusi la barabarani lililoingia. Mama yule aliishi na kufa akiamini kwamba mtaa wao wote una adabu.

Alipokuwa mkubwa akaenda kusomea kazi rasmi, akapewa kitambulisho chenye kamba ya kuning'iniza shingoni, akafundishwa sheria ya kwanza ya ukalimani: usiongeze, usipunguze. Aliweza kuikariri usingizini. Ila moyoni aliamini kwamba yeye haongezi wala hapunguzi, analainisha tu. Polisi walipomsikia akimtafsiria kiziwi aliyekamatwa walikuwa wapole. Madaktari walimpenda. Maofisa walimwomba kwa jina. Kuna siku mkuu mmoja wa idara alimwambia kwamba akitafsiri yeye, hata viziwi wanaonekana wamesoma. Mdomo aliibeba sifa hiyo hadi nyumbani kama mtu aliyebeba mayai.

Sasa njoo kwa Kibonyo.

Kibonyo alikuwa na miaka ishirini na minne na kishimo kimoja katika shavu la kushoto, na ndicho kilichompa jina: kidole cha shahada kinachozungushwa shavuni. Homa ilimchukua masikio akiwa na miaka mitatu. Mama yake hakukaa sana baada ya hapo, baba naye akafa msichana akiwa na kumi na moja, akalelewa na shangazi yake, msusi mwenye saluni ya viti viwili na ulimi usiopoa. Ndani ya saluni hiyo ndimo ufundi wake ulimoanzia. Mashine ya kukaushia nywele ikifa, shangazi anaanza kulalamika, naye Kibonyo ameshashika bisibisi. Kutoka mashine za nywele akahamia feni, kutoka feni akahamia friji za majirani. Friji alizipenda kuliko vyote. Alikuwa anaweka kiganja ubavuni mwake, anafumba macho, anasikiliza kwa ngozi jinsi kompresa inavyotetemeka, kisha anafungua macho na kuonyesha kidole mahali penye ubovu. Mara tisa kati ya kumi hakosei. Mafundi wa mtaa ule, watu wenye masikio mawili kila mmoja, walikuwa wanampelekea friji zilizowashinda na kudai baadaye kwamba wamezitengeneza wao.

Chuo cha ufundi kikamkubali kwa kozi ya mwaka mmoja ya majokofu na viyoyozi. Mikono alikuwa nayo. Kilichobaki ni darasani: gesi ipi haikai na ipi, umeme kiasi gani, ni wakati gani unasogea mbali. Mambo hayo husemwa kwa mdomo, na ukiyakosa unaweza kujilipua na wenzako. Alihitaji mkalimani wa kukaa naye mwaka mzima. Ofisi ya huduma kwa wenye ulemavu ilikuwa na wakalimani watatu wa kazi hiyo, na kamati yake ndiyo inayoamua nani anapewa. Kamati ilikutana siku moja tu kabla ya masomo kuanza. Kibonyo alimwomba Mdomo amtafsirie.

Walifika mapema, wakaketi kwenye benchi la korido, shangazi katikati na mkoba mapajani. Karani wa ofisi, kijana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, alipita na mafaili, akasimama. Akamwambia Mdomo kwa sauti ya chini kwamba fomu ni mpya mwaka huu, na kwamba msichana asijibane, aseme shida yake kama ilivyo. Mdomo akatikisa kichwa. Ushauri kama huo amewapa wengine mara mia.

Ndani kulikuwa na meza yenye kitambaa cha kijani na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Kulia kwake daktari, kushoto afisa wa elimu mwenye viatu vinavyong'aa hadi unaona feni ya darini ndani yake. Kibonyo alikaa mbele yao, Mdomo akasimama pembeni kidogo ya mwenyekiti ili msichana amwone vizuri, shangazi akaketi karibu na mlango.

Maswali yote yalianza na "mwulize". Mwulize shuleni alikuwa anaelewa vipi.

Kibonyo alijibu bila kusita. Sikuelewa. Mwalimu anageukia ubao, anaongea na ubao. Miaka saba nimeangalia kisogo cha aliyekaa mbele yangu. Maandishi nilinakili kama mtu anavyonakili picha ya ng'ombe. Hata mtihani niliuchora.

Alivyosema hivyo uso wake ulifanya kisogo, ukafanya ng'ombe, ukafanya mwalimu anayebusu ubao. Kwa wanaoijua lugha ile, ilikuwa ni kicheko na kilio kwa pamoja. Mdomo aliangalia viatu vya afisa wa elimu. Aibu ikampanda, aibu ya zamani, ya kigoda na dirisha. Akasikia sauti yake ikisema kwamba masomo yalikuwa na changamoto zake, lakini alijitahidi kufuatilia kwa macho na mwandiko wake ulisifiwa.

Daktari akaandika.

Mwulize nyumbani wanawasilianaje.

Kibonyo akasema kwamba yeye na shangazi wana vidole vya jikoni: kula, lala, funga mlango, njoo. Maneno makubwa hawana. Baba alipokufa, akasema, niliona watu wamejaa nyumbani. Hakuna aliyeniambia. Nikavaa nguo yangu nzuri, nikadhani ni harusi.

Mdomo alimwona shangazi kwa pembe ya jicho, ameketi wima na mkoba wake, akitabasamu kwa kamati kwa sababu hakujua kilichosemwa. Mwanamke huyo alimlea mtoto wa kaka yake bila kuombwa. Amvue nguo mbele ya watu hawa? Akasema familia iko karibu naye sana, wana namna yao ya kuelewana, na hata katika misiba wamekuwa bega kwa bega. Shangazi akasikia, akafuta jicho kwa ncha ya kidole.

Swali la tatu lilikuwa kwa nini friji na si ushonaji, kama wasichana wengine wanaohudumiwa na ofisi ile. Kibonyo akainua kiganja: naweka hapa, najua. Basi, hicho tu. Lakini Mdomo alikuwa ameshapamba moto. Akasema jokofu lina lugha yake, na dada huyu anaisoma kwa kiganja kama wengine wanavyosoma gazeti.

Kamati ikacheka kwa furaha. Daktari akaweka kalamu chini. Mwenyekiti akavua miwani na, kwa mara ya kwanza, akamtazama Mdomo usoni.

"Bwana mkalimani, hayo ni maneno yake mwenyewe?"

Hapa ndipo mtu huyu alipopewa mlango, ukiwa wazi, na mwenye nyumba ameushika. Alichotakiwa kufanya ni kupita. Lakini yeye alisikia swali lingine kabisa. Alisikia: kwani viziwi wana akili ya kusema hivyo? Akakasirika kwa niaba ya mama yake, kwa niaba ya viziwi wote waliowahi kuitwa mabubu dirishani, akavuta pumzi.

"Ndiyo, mama. Yake mwenyewe."

Kibonyo akauliza kwa mikono, wanasemaje? Mdomo akamjibu, wamekupenda.

Nusu saa baadaye karani alitoka na karatasi iliyopigwa mhuri. Shangazi akaidaka kabla haijamfikia mwenyewe, akapitisha kidole kwenye mistari. Kutembea kumi. Kujihudumia kumi. Kuona kumi. Kusikia sifuri, hilo walilitarajia. Mawasiliano, tisa.

"Tisa!" shangazi akasema, akamvuta Kibonyo kifuani. "Mtoto wa kaka yangu kapata tisa kwa kumi, mawasiliano! Waje sasa wale waliosema ni mzigo!" Akataka kumkumbatia na karani.

Karani alirudi nyuma hatua moja. Akaeleza polepole, akiitazama sakafu. Fomu hii inapima uwezo. Anayepata jumla ya thelathini na tano au zaidi anahesabiwa anajimudu, hapewi mkalimani. Kiziwi yeyote mwenye miguu, mikono na macho anaingia chumbani akiwa na thelathini tayari, kwa hiyo kipengele cha mwisho ndicho chenye uamuzi. Yeye ana thelathini na tisa.

"Kwa hiyo amefaulu," shangazi akasema.

"Mama, hapa ukifaulu umefeli."

Na tuliseme wazi, maana ofisi hazilisemi. Watu watatu wenye vyeti ukutani walimpima kiziwi kwa masikio yao. Walisikia sauti ya mwanamume wa miaka hamsini, ikizungumza sentensi zilizonyooka, wakaandika kwamba msichana anajieleza. Hawakumpa kalamu. Hawakumwomba Mdomo atoke nje halafu wamwulize msichana jina lake. Yeyote aliyeitunga fomu hiyo hakuwahi kukaa na kiziwi hata kwa muda wa kunywa chai. Hayo ni kweli yote, na Mdomo aliyajua yote, na hayakumpunguzia kitu. Fomu ilikuwa mbovu, lakini tisa ile aliitia yeye.

Alimkimbilia mwenyekiti kwenye ngazi. Mama yule alikuwa ameshika funguo za gari. Alisema kwa upole kabisa kwamba binti huyo anajieleza kuliko wanawe waliomaliza chuo kikuu, na kwamba leo amewaona watu wasioweza kutaja hata jina lao. Atawanyima hao ampe yeye?

Mdomo akasema, "Huenda nililainisha kidogo, mama."

Mwenyekiti akasimama, mguu mmoja kwenye ngazi ya chini. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza, bwana. Nilikuuliza mbele ya watu wawili."

Kisha akamweleza utaratibu. Faili limefungwa. Rufaa husikilizwa kikao kijacho, mwakani. Kama ana maelezo ayaandike, ampe karani, na aelewe kwamba kitambulisho chake nacho kitajadiliwa.

Benchini, Kibonyo alikuwa anamsubiri. Kiziwi husoma mgongo wa mtu kama wewe unavyosoma barua. Alikwisha kujua kwa jinsi Mdomo alivyopanda zile ngazi. Akauliza, uliwaambia nini? Swali la kwanza, nilisema sikuelewa. Wewe ulisema nini?

Akamwambia. Neno kwa neno, bila kupamba, kwa mikono iliyokuwa mizito. Shangazi aliwaangalia vidole kwa zamu kama anayeangalia mpira asiojua sheria zake.

Kibonyo alimwacha amalize. Hakukunja uso. Aliuliza swali hili, na Mdomo hakulisahau:

"Aibu ile ilikuwa yangu au yako?"

Mdomo akatazama kitambulisho kifuani mwake.

"Na harusi? Harusi ulisema nini?"

Akamwambia hilo pia. Kibonyo akageuka akamtazama shangazi yake. Kisha akamrudia Mdomo, akampiga bega kwa nguvu, jinsi viziwi wanavyopigana wakitaka kuangaliwa.

"Mwambie yeye. Sasa hivi. Kama nilivyosema."

Miaka zaidi ya arobaini ya kusemea watu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Mdomo alipotafsiri bila pasi. Kibonyo alisema tena, taratibu, akiwa amemkazia macho shangazi, na sauti ya Mdomo ikatoka kavu na fupi kama mtu anayesoma orodha. Baba alipokufa niliona watu wamejaa nyumbani. Hakuna aliyeniambia. Nikavaa nguo yangu nzuri. Nikadhani ni harusi. Hapo akaongeza: mlinipiga. Sikujua kwa nini.

Shangazi, mwanamke ambaye katika saluni yake wateja huomba zamu ya kuongea, alifungua mdomo ukabaki wazi. Mkoba ukamteleza mapajani, na hakuna aliyeuokota.

"Gauni la njano," akasema baadaye, kama anajisemea. "Nilimvua mimi mwenyewe. Nilidhani anaufanyia msiba mzaha." Akamwangalia Mdomo. "Baba, si ulisema mle ndani tulikuwa bega kwa bega?"

"Nilisema, dada."

"Nami nikafuta machozi."

Alitaka kumwambia msichana kitu. Aliinua mikono, akakuta hana cha kufanya nayo. Kula, lala, funga mlango, njoo. Akaitumia ile ya mwisho, njoo, na Kibonyo akasogea kidogo kwenye benchi, si sana.

Mdomo akaahidi kwamba kesho atakwenda naye darasani bila kutumwa na ofisi. Karani, aliyekuwa bado amesimama pale akijifanya anapanga mafaili, akasema chuo hakiruhusu mtu kuingia karakana bila barua. Wana bima yao na masharti yao. Mdomo akalitafsiri hilo kama lilivyo. Kibonyo akasema basi ataingia peke yake. Alishakaa miaka saba, mwaka mmoja utamshinda? Kwa Mdomo akaongeza neno moja, mkono uliofunguka na kusukuma hewa: usije.

Alasiri hiyo alikaa mezani kwake kuandika maelezo. Mkewe alikuwa anachambua mboga upande wa pili. Aliandika ukurasa mzima, akampa ausome. Mwanamke akasoma hadi mwisho, akaweka karatasi mbali na maji.

"Baba watoto, umeandika kwamba kulijitokeza upungufu katika uwasilishaji."

"Ndiyo."

"Upungufu ulijitokeza wapi, ukutani? Hata kukiri unakupiga pasi."

Alicheka, na Mdomo akacheka naye, kisha mmoja wao akaacha. Mdomo akachukua karatasi nyingine. Mistari ilitoka minne tu. Alichosema binti sicho nilichokisema mimi. Alisema haelewi kitu, nami nikasema anaelewa. Mwenyekiti aliniuliza, nikadanganya. Alama ya mawasiliano ni yangu, si yake. Akaweka sahihi. Alikaa akiitazama, na mkewe, ambaye angeweza kusema jambo juu ya kitambulisho na watoto wawili walio bado shuleni, aliendelea kuchambua mboga.

Alichokuwa anafikiria si kitambulisho. Alikuwa anafikiria wengine. Yule aliyekamatwa na polisi, ambaye baadaye alifungwa. Yule mama wa hospitali aliyetaka kuuliza swali moja zaidi, naye Mdomo akamwamulia kwamba inatosha, daktari ana haraka. Mama yake mwenyewe dirishani. Wangapi waliondoka mbele yake wakidhani wamesema? Alijaribu kuwahesabu, sura zikaja nyingi kuliko vidole, akaacha.

Asubuhi iliyofuata aliondoka na karatasi mfukoni. Ofisi ilikuwa bado haijafunguliwa. Alijiambia kwamba anazunguka tu hadi ifunguliwe, lakini miguu ilimpeleka chuoni. Mlinzi alikuwa akihangaika na lori la mitungi ya gesi getini, hakumwuliza. Darasa la majokofu lilikuwa jengo la mwisho, refu, lenye madirisha ya vioo upande wa uani. Akasimama kwenye la nyuma.

Wanafunzi walikuwa kama ishirini, wavulana watupu na Kibonyo. Alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, nywele zimesukwa upya, mistari myembamba iliyonyooka. Shangazi lazima aliamka alfajiri. Mwalimu, mzee mwenye koti la kazi, alikuwa ameinamia daftari la mahudhurio na kuita majina bila kuinua kichwa. Kila jina likajibiwa, na kila jibu likapewa tiki.

Akaita jina la cheti la Kibonyo.

Kibonyo alikuwa anamwangalia, mikono juu ya dawati, amejiandaa. Mwalimu alisema na daftari. Akaliita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Wavulana wakaangaliana. Mwalimu akachora mstari, akaita jina lililofuata.

Mdomo akagonga kioo. Darasa zima likageuka, mwalimu naye akainua uso, na Kibonyo akawa wa mwisho kugeuka, akifuata macho ya mwalimu hadi dirishani. Alipomwona ni nani, uso wake ulijifunga. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumwuliza, akainua mikono juu ya dawati, mbele ya wote:

"Wameshaanza?"